Wiki saba kabla ya upimaji, na 31 hawajui kusoma

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi wilayani Maswa, mwaka wangu wa tatu kazini. Darasa lina wanafunzi 112, chumba kimoja, madawati 29. Mimi ndiye mwalimu wa darasa na ndiye ninayewafundisha Kiswahili. Upimaji wa kitaifa ni mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo ninapokuandikia zimebaki wiki saba.

Tangu tufungue shule mwezi wa saba tunawapa jaribio kila Ijumaa. Mwalimu wa taaluma analeta mitihani ya miaka ya nyuma, naiandika ubaoni maana karatasi za kuwatosha wote hatuna, wanajibu kwenye madaftari, nasahihisha Jumamosi na Jumapili. Mwalimu, nimesahihisha hadi nimechoka kuiona rangi nyekundu. Wanaofanya vizuri ni walewale, kama 40. Wengine 41 leo wako juu, kesho wako chini. Wanaobaki ni 31, na hao ukiwapa mstari mmoja wausome, hawausomi.

Yupo kijana mmoja alinidanganya hadi Agosti. Nilikuwa nikimsimamisha anasoma kitabu vizuri kabisa, kwa sauti, mkono mmoja mfukoni. Siku moja nikamfunulia ukurasa wa mbele bila kumwambia. Akaendelea kusoma ule wa nyuma, neno kwa neno. Kumbe alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake. Nilicheka mbele yao, halafu nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Hata wale wanaosoma, ufahamu unawashinda. Wiki iliyopita niliwaandikia kihabari: "Juma aliamka kabla ya jogoo kuwika. Alibeba ndoo kwenda lamboni. Alipokuwa njiani kurudi, mkono wa ndoo ulikatika, maji yote yakamwagika. Alipofika shuleni, wenzake walikuwa wamekwisha kuimba wimbo wa taifa." Nikauliza: kwa nini Juma alichelewa shule? Zaidi ya nusu ya darasa wakajibu: "Juma aliamka kabla ya jogoo kuwika."

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Ameniambia hawa 31 nisihangaike nao, niwakalishe nyuma wasinicheleweshe, nishike wanaoweza kuipandisha shule. Si mtu mbaya. Mwaka jana kwenye kikao cha kata alisimamishwa akaulizwa shule yake ina matatizo gani, mbele ya wakuu wenzake wote. Namwelewa. Ila kila nikiingia darasani namwona yule kijana.

Je, niwaache? Na kama siwaachi, wiki saba zinatosha kufanya nini?

Mwalimu wa la Nne, Maswa

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi.

Swali lako nalijibu kwanza ili ulale: usiwaache. Lakini na hizo Ijumaa zako zipunguze, maana hazimsaidii yeyote kati ya hawa 112 kwa namna unavyozifanya. Wale 40 wanajibu wanachokijua tayari. Wale 31 wananakili maumbo kutoka ubaoni kama mtu anayechora. Wewe unamaliza wikiendi yako ukithibitisha jambo ulilolijua tangu Julai.

Nimefundisha miaka 34 na hilo la kuwakalisha nyuma nimelifanya, wala sikuambiwa na mkuu yeyote, nililianzisha mwenyewe. Niliona nina akili sana. Miaka mingi baadaye nikiwa kwenye foleni ya kliniki na mjukuu wangu, mama mmoja kijana alinipa kadi ya mtoto wake nimsomee tarehe ya kurudi. Nikamsomea. Akashukuru, akasema, "Mwalimu hukunikumbuka, mimi nilikuwa wa nyuma." Alisema bila kinyongo, kama anavyosema mtu ametoka kijiji fulani. Kwa hiyo nikikwambia usiwaache, nakwambia kama mtu aliyewaacha.

Sasa kazi. Wiki ya kwanza usifundishe kitu kipya. Sikiliza. Chukua karatasi moja, juu uandike silabi kumi, chini yake maneno kumi mafupi, chini yake aya ya sentensi nne, na nyuma ya karatasi hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mpango huu si wangu. Ndio ambao Uwezo, shirika linalopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wamekuwa wakiutumia tangu walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, na wao waliuiga kutoka India. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mashine wala semina. Kaa chini ya mti na kiti chako, muite mmoja mmoja, mbali na masikio ya wenzake. Dakika moja, moja na nusu. Anza na aya. Akiisoma, mpe hadithi. Ikimshinda, shuka kwenye maneno, kisha silabi. Daftarini andika herufi moja tu mbele ya jina lake, ya pale alipofika: S ya silabi, M ya maneno, A ya aya au H ya hadithi. Watoto 25 kwa siku, siku tano umemaliza. Walioko ndani wape kazi ya kuandika. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Ukimsikiliza usimrekebishe, ila andika alipokwama. Utaona mambo mawili ambayo jaribio la Ijumaa halikuonyeshi. La kwanza, katika wale 31, kama si darasa la ajabu, wasiojua hata silabi ni wachache kuliko unavyodhani. Wengi wanasoma "ka-la-mu" vizuri, wakifika kwenye "mbwa" wanasema "m-ba-wa", "nywele" inakuwa "nyu-we-le", na hapo wanakata tamaa na mstari mzima. La pili, miongoni mwa wale wa katikati utawakuta wanaosoma kila neno sawasawa, ukiwauliza wamesoma nini wanakutazama tu. Hawa na wale si wagonjwa wa homa moja, na wewe umekuwa ukiwapa kidonge kimoja.

Baada ya hapo, kila siku dakika 40, kipindi kimoja cha Kiswahili, gawa darasa kwa zile herufi zako. Usiwape majina ya "wepesi" na "wazito". Usiwaite hata simba na kobe, watoto watajua maana yake kabla ya mapumziko. Waite kwa wanapokaa: wa mlangoni, wa dirishani, wa mtini. Na uwaambie, ukimaanisha, kwamba kila Ijumaa mtu anaweza kuhama.

Wa silabi kaa nao wewe mwenyewe. Hili ndilo walimu wengi tunakosea, tunawapa viranja wawafundishe wasiojua, sisi tunakaa na wanaojua kwa sababu wanatufurahisha. Okota vizibo vya soda, andika silabi ndani kwa maka peni, mwaga chini. Wajenge maneno kwa vidole: ma-ma, me-za, ku-ku. Wakizoea, chukua yale yanayowakwamisha, moja kwa siku, usichanganye. Leo "mbwa, mbweha, mbwembwe". Kesho "nywa, nywele, kunywa". Kesho kutwa "ng'". Hapa una bahati kwa sababu ya mahali ulipo. Mtoto wa Kisukuma anaitamka ng' tangu anyonye, anasema ng'wana mara mia kwa siku. Kuitamka kwake si tabu, tabu ni kuitambua ikiwa na kile kikoma chake kwenye karatasi. Mwonyeshe kuwa ni sauti ileile ya nyumbani kwao, utamwona anavyoshangaa. Kisha iweke "ng'oa" kando ya "ngoma" azisome kwa kupokezana.

Kiswahili kimetuhurumia, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto wa miaka kumi ambaye ameshashika silabi za kawaida anaweza kuruka kutoka maneno hadi aya ndani ya wiki hizi zako. Wote hawataruka, nisikudanganye. Wapo watakaofika Oktoba wakisoma maneno tu. Hao watakuwa wanasoma maneno, ambayo leo hawasomi.

Halafu kuna macho. Kabla hujaamua mtoto fulani ni mzito, mhamishe akae mbele siku mbili uone anavyonakili. Nimewahi kuhangaika muhula mzima na binti ambaye shida yake ilikuwa haoni ubao.

Nije kwa Juma wako na ndoo yake, kwa sababu nilipenda ulivyoandika kihabari hicho, na nilipenda zaidi jibu la watoto. Umewahi kujiuliza kwa nini wananakili sentensi ya kwanza? Kwa sababu mara nyingi inafanya kazi! Tumewauliza miaka yote "Nani aliamka mapema?", "Juma alibeba nini?", majibu yakawa yamekaa kwenye mstari yanawasubiri. Wamejifunza kutafuta neno "Juma" na kunakili linapoanzia. Swali lako ni la aina nyingine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Juma alirudi lamboni kuchota tena. Mtoto anatakiwa aione ile njia, maji yanamwagika, ajue nyumbani hawezi kurudi na ndoo tupu, arudi naye. Asipoiona hiyo picha hana pa kulipata jibu.

Kwa hiyo kundi la aya na la hadithi usiwape habari kumi kwa wiki. Wape mbili. Habari moja siku mbili nzima. Siku ya kwanza wasome kimya, kisha mmoja afunge daftari asimulie kwa maneno yake, ikibidi aanze kwa Kisukuma, wenzake wamsaidie kuileta kwenye Kiswahili. Pigeni mstari maneno magumu. Siku ya pili maswali, na sheria iwe moja: akijibu, aweke kidole pale alipolipata jibu. Kidole hicho ni mwalimu mzuri kuliko mimi na wewe. Likiwa kwenye mstari, kidole kitakaa. Likiwa limejificha katikati ya mistari miwili, kama la Juma, aweke vidole viwili, kimoja kwenye "maji yote yakamwagika" na kingine kwenye "wimbo wa taifa", kisha aseme katikati pametokea nini. Na yakiwa yale ya "kichwa cha habari kinachofaa" au "methali inayofaa", basi akunje ngumi, maana jibu linatoka kwenye habari nzima. Watoto wanaupenda mchezo huu. Baada ya wiki mbili utawaona kwenye jaribio wanapapasa karatasi bila kuambiwa.

Kuna walimu wanafundisha watoto waanze na maswali ndipo wasome habari. Kwa kidato cha nne sina ugomvi nao. Kwa darasa la nne sikubali, mtoto akishaliona swali haisomi tena habari, anawinda neno. Asome kwanza, aende kwenye maswali, arudi kwenye habari.

Mitihani ya nyuma usiitupe, inawazoesha kusoma maelekezo na kugawa muda. Wiki hadi wiki chukua sehemu moja tu, ifanyeni ubaoni pamoja, mbishane kwa nini jibu la B si jibu. Mtihani mzima wenye ukimya na saa, fanya mara mbili, ya pili iwe wiki moja kabla. Na usahihishe mwenyewe madaftari ya kundi moja moja, mengine wabadilishane. Jumapili upumzike, mwanangu.

Imla, maneno matano kila asubuhi kabla ya kuita majina, basi. Kwetu Usukumani l na r hulala nyumba moja, kwa hiyo wape kwa jozi na uwape ndani ya sentensi: kura na kula, mahari na mahali. Siku nyingine thamani na samani. Usiwachape wala usiwacheke kwa hili, wewe mwenyewe jisikilize unavyolitamka neno kwanza. (Mimi hadi leo nikichangamka naziteleza, na nimesahihisha mitihani ya watu.)

Kwa upande wa nyumbani usiite kikao, hawatakuja, na watakaokuja ni wazazi wa wale 40. Mwezi wa kumi nyasi zimekwisha na ng'ombe wanapelekwa mbali, baadhi ya watoto wako watakosekana siku mbili tatu kwa wiki. Ongea na mwenyekiti wa kitongoji mapema, umwombe hizi wiki tu wazazi wapokezane machungani. Kazi ya nyumbani iwe ya kusoma kitu kilichopo nyumbani. Vitabu hakuna lakini maandishi yapo: maneno ya kanga ya mama, mfuko wa mbegu, ujumbe wa simu, stakabadhi ya pamba ya baba kutoka AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima. Mwambie mtoto akusomee kesho kanga iliyovaliwa nyumbani kwao inasemaje, na anadhani mama aliinunua kwa sababu gani. Hilo la pili ni ufahamu mtupu, na utasikia mambo! Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi, anauliza "leo mmesoma habari ya nani, akafanyaje?" Kuuliza hakuhitaji herufi. Na baba akishaona mwanawe amemsomea kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi, machungani atatafuta mtu mwingine.

Sasa mwalimu mkuu. Usiende kubishana naye kuhusu huruma, anayo. Nenda na daftari lako la S, M, A, H. Mwonyeshe wiki ya kwanza walikuwa wangapi katika kila herufi, na kila Ijumaa umpelekee namba mpya badala ya wastani wa jaribio. Mwambie wale 41 wa katikati ndio watakaoivusha shule, na kinachowaangusha ni ufahamu, ambao utawapa kila siku. Hapo anakuelewa kwa lugha ya kikao cha kata. Namba hizo akizibeba mwenyewe kwa Afisa Elimu Kata, atakuwa na la kujibu safari hii hata kabla matokeo hayajatoka. Mwombe kitu kimoja tu: mwalimu wa la tatu akushikie kundi la hadithi hizo dakika 40, nawe umrudishie kipindi siku nyingine. Akikataa, kundi la hadithi lisome wawili wawili chini ya mti na wa aya, kwa sharti kwamba mwenzako akikwama huruhusiwi kumtajia neno mpaka umehesabu vidole vitano.

Nimemwacha yule kijana wako kwa makusudi. Kwanza kamwombe radhi kwa kucheka, si mbele ya darasa, mkiwa wawili. Kisha mwangalie upya. Mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia, akausema bila kukosea huku mkono uko mfukoni, hana kichwa kibovu. Anakosa uzi wa kufunga sauti anazozijua kwenye alama asizozijua. Mkalishe pembeni umwambie akusimulie jambo lake, siku ng'ombe alipopotea au chochote kile, sentensi nne tano. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe. Msomee huku kidole chako kikipita chini ya kila neno, kisha chake. Atayakariri jioni hiyohiyo, mwache. Kesho yake chukua mkasi ukate karatasi mstari kwa mstari, uvuruge, umwambie aipange hadithi yake. Keshokutwa kata neno kwa neno.